Mfano Hai

Jumamosi asubuhi saluni ya Shangazi ilikuwa imefurika mpaka mlangoni. Wanawake watatu walikuwa chini ya draya, wengine wakisubiri kuoshwa, mmoja akigombana na mtu kwenye simu, na hapo ndipo alipoingia mwanaume mwembamba aliyechomekea shati, kalamu mfukoni, akasimama katikati kama mtu aliyekosea wodi hospitalini.

"Samahanini," akasema. "Naomba kuuliza. Mnaposema kuseti nywele, huwa mnafanya nini hasa?"

Aliyekuwa akigombana na simu akaikata. Kicheko kilianzia kwenye draya kikaishia kwenye beseni la kuoshea.

"Kaka, umetumwa na mkeo?" akauliza msusi wa kiti cha mwisho. Huyu alikuwa mpwa wa Shangazi mwenye saluni. Alivaa gauni la njano lililomkaa vizuri kiunoni, na rola mbili za akiba alikuwa amezichomeka kwenye nywele zake mwenyewe.

"Sina mke."

"Basi umetumwa na nani?"

"Na kamusi."

Jibu hilo halikuwa mzaha. Bwana yule alikuwa mhariri katika kampuni ya vitabu iliyokuwa ikitengeneza kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya shule, na alikuwa amekwama kwenye neno moja la herufi tatu: *set*. Waingereza wamelibebesha neno hilo mzigo usio na huruma. Jua likizama, ni hilo. Zege likishika, ni hilo. Mfupa ukiunga, meza ikiandaliwa, mtego ukitegwa, tarehe ikipangwa, vikombe vikifanana, vyote ni hilo hilo. Kila maana ilidai neno lake la Kiswahili na kila neno likadai mfano, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu mkuu wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Bosi, hakukubali mifano ya kubuni. "Yule mtoto anayekula embe kila ukurasa ameshashiba," alikuwa akisema. "Nileteeni mfano hai. Sentensi iliyotoka kwenye mdomo wa mtu akiwa kwenye shughuli zake."

Msusi akachukua rola, akamgeukia mteja wake.

"Angalia basi, usije ukaandika uongo. Unalowanisha, unavingirisha, unabana, unatia joto, unasubiri. Ukizitoa mapema, zinarudi zilivyokuwa. Nywele hazidanganywi."

"Naweza kuiandika hiyo?"

"Andika. Na namba yangu ya simu uandike hapo pembeni, maana naona utarudi."

Saluni ikapiga vigelegele. Mhariri akaandika vyote viwili.

Alirudi kweli, na safari hii hakuwa na swali. Ndani ya muda mfupi simu zao zikawa hazipoi.

"Kamusi wangu, umekula?"

"Nimekula, mpenzi."

"Umekula nini?"

"Maneno."

"Ndiyo maana hunenepi. Njoo jioni. Upepo ukikuchukua, nitamwambia nini Shangazi?"

Shangazi, ambaye alisikia kila kitu kwa kuwa hakuna siri kati ya viti vya saluni, alisema mwanaume asiyejua kuseti ni nini anaweza kufundishwa, kibaya ni yule anayejidai anajua.

Mahali pao palikuwa juu ya paa la jengo, kwenye kamba zilipoanikwa taulo za saluni. Walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, taulo zikipepea, na msusi, ambaye mchana kutwa alisikiliza shida za watu vichwa vyao vikiwa mikononi mwake, akapata kwa mara ya kwanza mtu wa kumsikiliza yeye. Alimweleza habari za baba yake, fundi rangi aliyeanguka kutoka kwenye ngazi yeye akiwa mdogo.

"Mfupa wa baba uliunga vibaya," alisema, "na nyumba nzima ikaunga nao."

Siku nyingine alimweleza habari za mwanaume aliyemtangulia, yule aliyeahidi kuja kula, kisha ikaja kujulikana kwamba alikuwa ameshahamia kwa mwingine.

"Niliandaa meza ya watu wawili, nikala mwenyewe. Asubuhi nikaosha sahani zote mbili."

Kila alipofika mahali panapouma, mkono wa kulia wa mhariri ulipanda taratibu hadi kifuani, upande wa kushoto, ukatulia hapo. Msusi aliuona mkono huo akaupenda. Alimwambia Shangazi, "Huyu ana moyo. Nikiongea, anaushika." Mapenzi yana tabia ya kufasiri kila kitu kwa faida yake. Upande ule wa shati ndipo mfuko ulipokuwa, na mfukoni mlikuwa na kalamu. Mhariri hakuwa mnafiki. Alimpenda binti yule hata usingizi ulimpungua. Lakini alikuwa amefanya kazi ile miaka mingi, na mkono wake ulishazoea kwenda kwenye kalamu kila sikio liliposikia sentensi nzuri. Hakuitoa mbele yake. Aliandika akifika nyumbani.

Msusi akaamua. Jumapili itakayofuata angempeleka kwa baba yake; akamweleza nyumba ilipo, naye mhariri akasema atakuja. Hakuna mwanaume aliyewahi kufikishwa pale. Kabla ya Jumapili, mhariri naye akamwalika kwake, yaani kwenye kikao ambapo walimu wangesomewa sehemu za kamusi kabla haijachapwa.

"Kuna zawadi yako humo," akamwambia kwenye simu.

"Zawadi gani, laazizi?"

"Utaisikia."

Shangazi alimseti nywele kwa mikono yake mwenyewe. Msusi alivaa gauni la bluu na viatu vya kisigino, akapakwa marashi kiasi cha kusikika safu mbili nyuma, akakaa kiti cha mbele. Bosi akasimama na miwani yake, akafika kwenye neno *set*, akaanza kusoma mifano. Ya jua, ikapita. Ya zege, ikapita.

"Kuandaa meza," akasoma Bosi. "*Niliandaa meza ya watu wawili, nikala mwenyewe.*"

"Aisee, huyo dada kapigwa chini!" akasema mwalimu mmoja kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukacheka. Walicheka bila ubaya, kama watu wanavyocheka msiba usio wao.

"Kuunga, kwa mfupa," akaendelea Bosi. "*Mfupa wa baba uliunga vibaya.*"

Walimu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu mmoja akasema huo ndio mfano, huo una damu. Msusi akageuka kumtazama mhariri. Mhariri alikuwa akitabasamu na kumwitikia kwa kichwa, kama mtu aliyemfungulia mwenzake sanduku la zawadi. Msusi akasimama akatoka. Visigino vyake vilisikika mpaka mwisho wa ukumbi.

Mhariri alimkuta kwenye korido, mbele ya lifti.

"Kwani vipi, mpenzi? Sikutaja jina lako. Hakuna anayejua."

"Mimi najua."

"Nilifikiri utafurahi. Watoto wa shule watajifunza kwa maneno yako. Mimi nimeona hakuna mtu anayesema kama wewe."

"Kule juu ya paa," msusi akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko alivyotegemea, "ulikuwa unanisikiliza, au ulikuwa unaokota?"

Mkono wa mhariri, bila kutumwa, ukapanda kwenye mfuko wa shati, ukaigusa kalamu. Msusi akautazama mkono ule, na akaelewa kilichokuwa kikishikwa muda wote.

"Kumbe ni kalamu," akasema. "Jamani, kumbe ni kalamu."

Lifti ikaja, akaingia peke yake.

Simu ya msusi ikaanza kuita bila kupokelewa. Ilipopokelewa, ilikuwa sauti ya Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi. Naomba kuongea naye."

"Marahaba. Ana rola mdomoni."

"Nitasubiri."

"Ataweka nyingine."

"Shangazi, nimekosa. Nimejua nimekosa."

"Kujua umekosa ni mwanzo. Mwanangu, mtu akikupa maji ya kunywa ukayauza, usishangae ukirudi na kiu akakuonyesha bomba." Akakata, lakini hakukata kwa nguvu, na mhariri alilishikilia hilo kama mtu anayeshikilia nyasi mtoni.

Aliumia. Tuseme wazi, alilia, akiwa amekaa ofisini mbele ya kurasa za *set*, na hakujali nani anamwona. Kisha akaenda kwa Bosi na kumwambia anaitoa mifano miwili.

"Unaumwa? Hii ya mfupa ndiyo nzuri kuliko zote."

"Ndiyo maana naitoa."

"Kiwanda cha uchapaji kinasubiri."

"Nitaleta mingine."

Akaleta. Wa meza aliupata kwa mhudumu wa hoteli aliyekuwa akimfokea mwenzake, na wa mfupa kwa daktari wa mifugo. Ilikuwa mifano sahihi na haikumgusa mtu yeyote. Bosi aliisoma akakunja uso, akatia sahihi. Msusi hakuambiwa. Mhariri alifikiri kwamba akimpigia simu kumweleza, itakuwa ni kudai malipo.

Jumapili ikafika. Baada ya ugomvi hakuna aliyemwambia aje, lakini pia hakuna aliyemwambia asije, na mzee wa watu alikuwa ameshaambiwa mgeni anakuja. Mhariri akavaa shati jeupe, akatazama kalamu juu ya meza, akaiacha hapo hapo.

Baba yake msusi alikuwa nje, mguu mmoja umepinda kwa nje, kopo la rangi pembeni, akitazama fremu ya dirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kamusi?"

"Ndiye mimi. Lakini nimekosana na binti yako, mzee. Nimekuja kwa sababu nilisema nitakuja. Ukiniambia niondoke, nitaondoka."

"Mimi sijakosana na wewe. Unaogopa ngazi?"

"Kidogo."

"Vizuri. Asiyeogopa ngazi ni mjinga, mimi ninao ushahidi. Panda."

Msusi alipofika na mfuko wake wa mikate, alikuta ngazi imeegemezwa ukutani, mhariri juu yake na brashi, baba yake chini ameishikilia. Akasimama kwenye pembe ya nyumba. Hawakumwona.

"Watu wanasema daktari aliniharibia mguu," mzee alikuwa akisema. "Si kweli. Mfupa ulitaka kukaa, mimi nikataka kazi. Niliinuka kabla ya wakati. Mguu ni wangu, lakini waliochechemea ni mke wangu na yule mtoto. Sijawahi kumwambia."

Msusi alikuwa amekulia kwenye nyumba ile na hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Machozi yalimjia moja kwa moja. Akamtazama mwanaume aliyekuwa juu ya ngazi, kwa sababu alijua kitakachofuata.

Mkono wa mhariri ukaiacha brashi kwenye kopo. Ukapanda kifuani, upande wa kushoto, kama kawaida yake, ukaufikia mfuko. Mfuko ulikuwa mtupu. Mkono haukushuka. Ulitulia pale, na rangi mbichi ya kijani ikaingia kwenye shati jeupe, vidole vyote vitano.

"Pole, mzee," mhariri akasema.

Msusi akatoka pembeni. Akaweka mikate chini, akamshika baba yake bega. Kisha akainua uso.

"Wewe. Shuka utaanguka."

Akashuka.

"Kalamu umeisahau?"

"Nimeiacha."

"Na hayo aliyosema baba, utayafanya nini?"

"Nitakaa nayo."

"Na zile sentensi zangu?"

"Nilizitoa. Sikukwambia kwa sababu sikutaka unisamehe kwa ajili ya hilo. Nilikuumiza, na nakupenda, na sikujua kwamba mtu anaweza kuyafanya yote mawili kwa mkono mmoja. Nisamehe."

Msusi akaliangalia shati. "Hiyo rangi haitoki," akasema. "Ya mafuta hiyo."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingevaa nyeupe." Akatoa leso, akaanza kumfuta vidole, kimoja kimoja, bila haraka, kama anavyomfuta mteja rangi ya nywele iliyovuja shingoni.

Mzee alikuwa ameshajikalisha kwenye kopo tupu lililopinduliwa. Aliwatazama kwa muda, akakohoa.

"Sasa ninyi harusi mmepanga lini? Nijue kama hili dirisha nilipige rangi mkono wa pili."

"Baba!"

"Nauliza tu."

Msusi akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya kikao. "Hatujapanga, baba. Lakini tutapanga." Kisha akamgeukia mhariri. "Hiyo unaweza kuandika."

"Sina kalamu."

"Basi ikumbuke."

Kamusi ilichapwa ikaingia mashuleni. Chini ya *set*, kwenye maana ya mfupa, kuna mbuzi aliyevunjika mguu na sasa anaendelea vizuri. Chini zaidi, kwenye kupanga tarehe, imeandikwa: *Hatujapanga, lakini tutapanga.* Walimu wanalalamika kwamba mfano huo hauna ladha.