Abiria wa Majaribio

Lifti ilimwambia Kipimo kwamba uzito umezidi, na ndani ya lifti alikuwa peke yake.

Angekuwa mtu wa tumbo tungesema sawa, lifti ina macho. Lakini Kipimo ni mwembamba kiasi kwamba mkanda wake ameuongezea matundu kwa msumari, na upepo ukivuma mkewe humwambia ashike nguzo. Alitoka, akaingia tena polepole, kwa adabu ya mtu anayeingia kwa wakwe.

"Uzito umezidi," ikarudia ile sauti laini ya lifti. "Tafadhali, mmoja apungue."

"Apungue nani?" Kipimo akauliza. "Na nibaki na nani?"

Kisogoni alihisi joto, kama pumzi ya yule mtu wa kwenye foleni anayetaka kusoma ujumbe kwenye simu yako. Kipimo akashuka bila kuaga, akazifuata ngazi, zile zinazozunguka shimo la lifti tangu chini hadi juu, na alipofika ghorofa ya sita alikuwa anahema kama pampu ya baiskeli.

"Miwani! Lifti yako imenitukana. Eti nimezidi uzito."

Miwani ndiye aliyeandika programu ya kuiendesha lifti ile. Alirekebisha ushungi wake, hakuinua hata uso. "Haijakutukana, kaka. Imekupandisha cheo."

Walikuwa wawili tu ofisini Jumamosi ile, na jengo zima lilikuwa lao. Kampuni yao ilitengeneza programu za lifti, na lifti ya kwanza kupewa programu mpya ilikuwa ya jengo hilihili. Jumatatu wapangaji wengine wangehamia. Bosi alikuwa amesema jioni hii anataka ripoti ya majaribio mezani, ya rangi ya kijani, na visingizio wakale nyumbani kwao. Bosi yule hasomi ripoti, anatazama rangi: kijani anacheka, nyekundu mtu anatafuta kazi nyingine.

Kazi ya Kipimo ilikuwa majaribio. Mtu mzima hawezi kushinda akipanda na kushuka lifti kutwa kama ana wazimu, kwa hiyo kompyuta ilitunga abiria wake. Walimwita Bwana Abiria, wakampa uzito wa kilo sabini na tano, wakamwacha bila uso. Bwana Abiria anaingia, mlango unafungwa, lifti inapanda, mlango unafunguliwa, anatoka, kisha ripoti inaandikwa. Lifti yenyewe ilipanda kweli, tupu, na kila ghorofa Kipimo alikuwa amebandika karatasi: MAJARIBIO, USIPANDE.

Kila jaribio lilikuwa na kikomo cha muda. Likichelewa, kompyuta inalikata hapohapo. Na kwa kuwa ripoti ilikuwa hatua ya mwisho kabisa, jaribio lililokatwa halikuacha ripoti. Kipimo, kwa kupenda kuwahi nyumbani, alikuwa amekipunguza kile kikomo, akakipunguza tena, mpaka majaribio mengi yakawa yanakatwa mlango ukiwa bado umefungwa.

Sasa, Bwana Abiria aliyeingia na hakutoka, anabaki wapi? Hilo hakuna aliyeuliza. Angeuliza nani? Hana mke, hana mdai, hana hata uso.

"Nimepata dawa," Kipimo alisema, akijipangusa jasho. "Naandika programu ndogo ya pembeni. Mlinzi. Yeye anakaa nje, anatazama. Jaribio likikatwa, mlinzi anaandika ripoti vilevile: abiria alikuwa wapi, mlango ulikuwaje. Tutajua linapokwama."

"Umetumia akili," Miwani alisema. "Pole, najua si kawaida yako."

Mchana ulikuwa wa mawingu mazito, mpaka wakawasha taa. Kipimo akamweka mlinzi wake, akaanzisha jaribio. Nyuma ya ukuta lifti ikanguruma, ikapanda, ikakwama. Muda ukaisha. Na kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi ile, jaribio lililokatwa likatoa ripoti.

Abiria: yumo ndani. Mlango: umefungwa. Maelezo: anabisha.

Kipimo akacheka. "Miwani, utani wako huu ungetuvunja mbavu siku nyingine."

"Utani gani?"

"Anabisha."

Miwani akaja, akainama, akasoma, akasoma tena. "Mimi niliweka maneno mawili tu ya abiria. Yumo na ametoka. Hilo la tatu si langu."

"Wala langu."

Wakatazamana kama watoto wawili waliosikia kikombe kikivunjika. Kipimo akaanzisha jaribio jingine, kwa kujikaza, maana mwanamume hawezi kukimbizwa na neno moja. Likakwama. Likakatwa.

Abiria: yumo ndani. Maelezo: anabisha kwa mikono miwili.

Hapo ndipo harufu ilipoingia, ikipita chini ya mlango wa ofisi, harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi na mdomo uliofungwa siku nyingi. Miwani akafunika pua kwa ushungi. Na kutoka nyuma ya ukuta, bila haraka, ikaja sauti ambayo wote wawili walijifanya ni bomba la maji: du. Du. Du.

"Zima," Miwani akanong'ona.

Kipimo alikuwa ameshanyoosha mkono azime, lakini mashine ilikuwa imejianzishia jaribio, na mlinzi wake, huyuhuyu aliyemzaa kwa mikono yake siku ileile, hakungoja tena muda uishe ndipo aandike.

Maelezo: amenyamaza. Amesikia viatu vya mwanamke.

Damu ilimshuka Kipimo mpaka kwenye soksi. Ni nani mwanamke wa kuja kwenye jengo tupu siku ya Jumamosi, kama si mkewe, aliyekuwa ameahidi kumletea chakula kwa sababu mumewe alisahau kopo lake la chakula juu ya jiko kama anavyosahau kila kitu? Akapiga simu, vidole vikikosea namba.

"Unanipigia ya nini, kijiti changu?" mkewe akajibu, na nyuma ya sauti yake mlio laini wa mlango ukifunguka. "Nimeshafika. Lifti yenu ina adabu, imenifungulia kabla sijabonyeza. Kukuzidi wewe."

"Usipande! Si kuna karatasi hapo?"

"Karatasi gani? Hapa kuna gundi tu."

"Mke wangu, nakuomba, pita ngaz—"

"Ngazi, na mguu wangu huu? Kapande mwenyewe, huna cha kubeba. Eh! Mbona humu kuna joto kama..."

Simu ikakatika. Nyuma ya ukuta lifti ikanguruma, ikapanda, ikakwama katikati ya ghorofa mbili.

Abiria: wawili.

Kipimo aliufikia mlango wa lifti hajui amefikaje. Akauvuta kwa kucha, ukamcheka. Kutoka chini ndani ya shimo akamsikia mkewe, yule mkewe asiyeogopa mende wala mama mkwe, akiita kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusikiwa na aliye karibu yake. "Baba we. Kuna mtu amesimama nyuma yangu. Nimegeuka, hayupo. Nikitazama mlango, yupo."

"Usigeuke! Nakutoa sasa hivi!"

Akampigia shangazi yake. Katika ukoo wao, jini likipanda kichwani mwa mtu, anaitwa shangazi. Likishuka, shangazi anarudi kusuka ukili wa mikeka. Kipimo hakuwa na muda wa dibaji.

"Shangazi, ni jini la lifti. Limo kwenye kompyuta, mke wangu..."

"Kompyuta siijui," shangazi akamkatiza. "Wageni nawajua. Nani alimwita?"

"Sisi. Lakini hakuwa mtu, tulimtunga tu, jina na uzito..."

"Mmejenga nyumba, mkaweka jina mlangoni, mkaiacha tupu gizani. Mlidhani itakaa bila mpangaji? Mlimwahidi nini?"

"Kwamba mlango utafunguliwa."

"Ukafunguliwa?"

"Tulikuwa tunamkatia muda."

Shangazi akavuta pumzi ndefu. "Basi mngojee mpaka atoke, na msimkate tena. Na sikiliza, mwanangu. Mke wako akitoka usimkumbatie kwanza. Mchokoze. Mke wa mtu akichokozwa atajibu. Asiyejibu, usishuke naye."

Kipimo akarudi mbio kwenye kompyuta. Muda wa jaribio ulikuwa unayoyoma, na ukiisha jaribio lingekatwa na waliomo wangebaki walimo, kama Bwana Abiria alivyobaki kila mara iliyotangulia. Akakifuta kile kikomo alichokuwa akikipunguza kwa tamaa ya kuwahi nyumbani kwa huyuhuyu aliyefungiwa, akakifuta kabisa, akaandika subiri mpaka mwisho. Halafu hakukuwa na kingine cha kufanya ila kusubiri, yeye na Miwani, bega kwa bega mbele ya mlango wa chuma, huku kule chini kukibishwa kwa mikono miwili, kisha kwa mikono minne, kisha mkewe akilia na mtu mwingine akimbembeleza kwa sauti iliyofanana mno na ya mkewe, kisha sauti zile mbili zikisema maneno yaleyale kwa pamoja, zikipishana kidogo, zikikaribiana, zikikaribiana, mpaka ikabaki moja, nayo ikanyamaza, na katika ukimya ule kamba za lifti zikakaza na kitu kikaanza kupanda.

Mlango ukafunguka.

Mkewe alikuwa amesimama wima, pua karibu kugusa mlango, hana mkoba, hana kopo la chakula. Kipimo hakukumbuka shangazi, hakukumbuka kuchokoza, alimkumbatia akalia begani mwake kama mtoto aliyepotea sokoni. Mwili wake ulikuwa na joto, shukuru Mungu.

"Twende nyumbani," akasema. "Miwani, nisamehe, malizia wewe." Miwani aliitikia kwa kichwa tu, akajitupa kitini, kope zimelowa.

Wakashuka ngazi, Kipimo mbele, mkewe nyuma. Woga ukishamtoka mtu, mdomo unafunguka wenyewe. "Leo umeniweza," alisema. "Nilidhani nitaoa tena. Nilikuwa nishaanza kupiga hesabu ya aliye mnene."

Kwa mzaha kama huo angepata kofi la kisogo na matusi ya kumtosha mpaka Jumatano. Alipata kimya. Amechoka, maskini. Ila miguu yake, mke wa kilo hamsini na mbili, mwenye goti bovu, ilitua kwenye ngazi kwa uzito, sawasawa, bila kuchechemea.

Ghorofa ya tatu ngazi zilikatwa na mlango wa kuzuia moto. Kipimo alisogea pembeni ampishe. Mkewe akaukaribia mlango, akasimama, pua karibu kuugusa. Hakusukuma.

"Sukuma, bibie. Si wa umeme huo."

Hakusukuma. Alisubiri, kwa subira ya mtu aliyesubiri sana.

Simu ya Kipimo ikalia. Ilikuwa ripoti, imejituma yenyewe, kijani kibichi kama majani ya mvua.

Jaribio limefaulu. Abiria: ametoka. Uzito uliotoka: kilo sabini na tano. Maelezo: mmoja amebaki. Anabisha.

Alipiga namba ya Miwani. "Usizime! Miwani, jaribio usilizime, anza jingine, mfungulie, bado yumo..."

"Nimeshazima, kaka," Miwani akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na furaha. "Si imefaulu? Kijani kitupu! Nimemtumia bosi, amecheka. Amesema programu ifungwe hivyohivyo, asiiguse mtu."

Lifti ile ikizimwa hushuka yenyewe hadi chini. Kipimo aliisikia ikija ndani ya ukuta, ikinguruma polepole kutoka juu, na pamoja na mngurumo ikija sauti ya kubisha, viganja viwili vidogo, na mtu akiita "kijiti changu, kijiti changu," na sauti ikafika usawa wa sikio lake, upande wa pili wa tofali, akaupiga ukuta kwa ngumi akaita mpaka koo likachanika, na sauti ikampita, ikashuka, ikafifia chini ya miguu yake.

Mkono wenye joto ukatua begani mwake.

"Usilie," akasema yule aliyetoka, kwa upole, macho yakiwa bado kwenye mlango. "Atazoea. Mimi nilizoea."