Mchi katika Msitu wa Serikali

Simheshimu shemeji yangu Sylvestre, lakini hakuthubutu kamwe kumdanganya dada yake, marehemu mke wangu, na haya alimsimulia yeye mbele yangu.

Mwaka 1953 alikuwa karani wa misitu Kabambare, katika Kongo ya Wabelgiji. Serikali ilikuwa imeufunga msitu mmoja, ikawahamisha wenyeji, ikachonga njia za miguu, za baisikeli na za tipoyi, ili Wazungu wabebwe kwenye viti wakatazame mahali ambapo watu walikatazwa kuishi. Sylvestre alikwenda kukagua. Saa tisa mchana, katika giza la miti, akasikia mchi ukitwanga sombe, majani ya muhogo.

“Hemedi!” alimfokea mlinzi wa msitu aliyemsindikiza. “Umewarudisha washenzi wako? Leo kazi huna.”

“Bwana Karani, humu hamuna mutu. Kijiji ilihamishwa zamani. Turudi.”

“Mwoga wewe! Baki na nyani wako.”

Akaiacha njia, akaufuata mlio peke yake hadi penye uwazi wa majani mafupi. Hapakuwa na nyumba, wala moto, wala kinu. Akasimama katikati, akitafuta mwanamke wa kumfunga pingu. Mchi haukunyamaza. Ulitwanga polepole, na kila pigo lilimgonga nyayo kutoka chini ya ardhi.