Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Fundi ni fundi popote ulimwenguni: ukimwagiza hili atakutengenezea lile, kisha akuapie kwamba ndilo ulilotaka. Florijan Ogris alilijua hilo, na ndiyo maana alishuka mwenyewe hadi Borovlje, mji wa mafundi bunduki, kuichukua bunduki ya binti yake. Fundi Rutar akaifunua kitambaa juu ya meza ya kazi. Florijan akaiweka begani, na shavu lake likagota kwenye mbao mahali lilipotakiwa kulala. Kitako kilikuwa kimepindia upande usio wake.

"Fundi, hii ni ya mtu wa mashoto."

"Naona," alisema Rutar.

"Unaona? Neža anatumia kulia. Halafu urefu huu wa nani? Mtoto ananifika hapa kifuani. Si ulimpima wewe mwenyewe?"

Siku nyingine mzee Rutar angemgombeza mteja kwa unene wa unywele. Safari hii alionyesha tu ukutani, kwenye bunduki yake ya kupimia, ile yenye kitako cha maungio na skrubu ambayo kila mteja huwekewa begani hadi imkae sawa. "Vipimo vya binti yako viko pale. Sijagusa skrubu hata moja." Ni kweli, ile ya ukutani ilikuwa fupi, ya mkono wa kulia. Fundi akawa anafuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Ule ubao ulioniletea, Bwana Ogris. Ulisema umetoka kwenye mti wa nani?"

"Wa jirani. Nilikwambia."

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema fundi, kama anayetania, ila hakucheka. "Haya, ichukue. Nenda nayo."

Ubao haukuwa wa jirani. Ulitoka kwenye mti wa jozi uliokuwa uani kwa akina Ogris, ulioangushwa na tufani miaka mitano nyuma. Florijan aliukausha darini kwa fahari, maana bonde lile mtu husifiwa kwa kubeba bunduki yenye mbao za kwao. Chini ya mti huo, miaka thelathini na tisa iliyopita, kaka yake Lovro alikutwa amekufa, bunduki yake mwenyewe mkononi. Lovro alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu kama mlingoti, mtu wa mashoto. Watu walinong'ona kwamba kajiua. Wawindaji wa bonde lile humzika mwenzao kwa tarumbeta, na kila mmoja humtupia kaburini kitawi kibichi cha msonobari. Lovro hakutupiwa hata kimoja. Mama yao hakuinua tena uso kanisani mpaka naye alipokufa. Florijan alijua zaidi ya walivyojua watu, na alikuwa amenyamaza muda mrefu hata kunyamaza kukawa sehemu ya mwili wake.

Neža alikuwa na miaka kumi na saba, na tangu mama yake afariki ndiye pekee aliyemfanya Florijan atamani kurudi nyumbani jioni. Mtihani wake wa uwindaji ulikuwa Januari. Aliinua bunduki ile na kuangua kicheko.

"Baba, hii umemwagizia nani, twiga?"

"Nitairudisha kwa fundi."

"Aa, niachie kwanza. Nitaizoea."

Kosa lilikuwa kumwachia. Wiki ya kwanza alikosa kila kopo aliloliweka kwenye ua wa mbao. Wiki ya pili akawa hakosi hata moja, na Florijan alipotoka nje kumpongeza alikuta binti yake amefumba jicho la kulia, kitako kiko bega la kushoto, na kinamkaa kana kwamba walizaliwa pamoja. Mkono wa sweta lake, upande wa kushoto, ulikuwa umemwishia juu ya kifundo cha mkono. Upande wa kulia ulifika vizuri. Hewa ya pale uani ilinuka maganda mabichi ya jozi, na ilikuwa Desemba, theluji imefika magotini.

Jumapili moja mchana walikuwa jikoni pamoja na Mici, dada mkubwa wa Florijan, aliyeishi nao. Neža alikuwa akimenya viazi kwa mkono wa kushoto, upesi upesi, bila kuangalia.

"Micika," alisema, "nisogezee chumvi."

Upawa ulimponyoka shangazi. Alimngoja msichana atoke kwenda kutupa maganda, kisha akamshika Florijan mkono kwa nguvu.

"Nani kamfundisha jina hilo?" alinong'ona.

"Labda kalisikia mahali."

"Mahali gani? Aliyeniita hivyo yuko kaburini. Florijan, mdogo wangu, mtazame anavyosimama. Mtazame huyo mtoto mguu anavyouegemea."

Florijan alikuwa ameshamtazama.

Kesho yake adhuhuri alichukua msumeno, akaipeleka bunduki zizini, akakibana kitako kwenye jiliwa. Meno ya msumeno yalipouma ubao kwa mara ya kwanza, kilio kilitoka ndani ya nyumba, cha Neža mwenyewe, sauti yake ya utotoni. Florijan alikimbia akamkuta sakafuni ameukumbatia mkono wa kushoto, na juu ya kiwiko palikuwa na mstari mwembamba unaotoka damu, umenyooka kama uliopimwa kwa rula. Alimfunga kitambaa. Jioni ile ile alishuka kwa fundi.

Rutar hakumkaribisha kiti. "Kitako nilikikata kwa kipimo cha binti yako," alisema kwa sauti ya chini, "mara tatu. Kila asubuhi nakikuta kirefu. Nimechonga miaka arobaini na mmoja, Bwana Ogris, na ubao mkavu haurefuki. Mwisho nikauacha uende unakotaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini? Nilitaka kitoke kwangu, basi. Nisamehe." Alipitisha kiganja juu ya meza ya kazi. "Wafu siwajui, mimi najua mbao. Siku zote nachonga kitako kiufuate mwili wa mtu. Hiki kina kipimo chake tayari, na mwili wenyewe hakina. Sasa kinajitengenezea. Huo mti ni wa nani?"

Florijan akavaa kofia yake, akaondoka.

Mkesha wa Krismasi, giza lilipoanza kuingia, Mici alichota makaa jikoni, akayatia ubani na vijiti vilivyobarikiwa, akaanza kuifukiza nyumba chumba kwa chumba, kuilinda na mabaya, kama mama yao alivyofanya na bibi yao kabla yake. Florijan alimfuata na maji ya baraka. Walipita sebuleni, wakapita ghalani, wakapanda juu, na moshi ukawatangulia kila mahali kwa utiifu, mpaka walipofika kwenye kizingiti cha Neža, ambapo mlango ulikuwa wazi na upepo haukuwepo, na bado moshi ule ulifika pale ukasimama, ukajikunja, ukarudi usoni kwa Mici, huku ndani binti akiwa ameketi kitandani gizani na bunduki mapajani, akiifungua na kuifunga, ka-tak, ka-tak, na harufu ya maganda mabichi ikitoka nzito hata macho yao yakawasha.

"Micika," alisema Neža. Sauti ilikuwa yake, lakini mwendo wa maneno ulikuwa wa mtu mwingine, wa mwanamume asiye na haraka. "Muulize aliyekuwa ameishika."

"Yesu na Maria," alinong'ona shangazi. "Florijan, anasema nini?"

Florijan alimtazama binti yake na kumwona akipungua mbele ya macho yake, mkono ule mrefu ukichezea chuma, jicho la kulia limefumba moja kwa moja kama limeshonwa, na akajua kwamba akinyamaza tena siku moja tu atakuwa amebaki na bunduki na mtu wa kuishika, lakini si Neža. Alipiga magoti.

"Mimi," alisema. "Nilimwelekezea Lovro bunduki yake kwa mzaha. Nilidhani haina risasi. Alikuwa amekaa chini ya mti, anamenya jozi, ananicheka. Ikalia. Nikaogopa, nikamwekea mkononi nikakimbia. Nikawaacha waseme walivyosema. Nikamwacha mama."

Mici alimgeukia. "Mkono wa kulia," alisema. "Ilikutwa mkono wa kulia. Miaka yote hii nimejiuliza, Lovro angeishikaje kwa kulia."

Moshi uliingia chumbani. Bunduki ilianguka sakafuni, na Neža akafumbua jicho, akaangalia huku na huku, akauliza kwa nini baba yuko chini na kwa nini mkono unamuuma. Kisha akamtazama tena baba yake, na ikaonekana wazi kwamba kuuliza aliuliza, ila kila neno alikuwa amelisikia. Akachukua kile chombo cha maji ya baraka kutoka mkononi mwa Florijan, kwa mkono wa kulia, akaenda kusimama nyuma ya shangazi yake.

Walimaliza kazi wao wawili, Mici na Neža. Walifukiza chumba cha Mici, walifukiza dari na ngazi. Chumba cha Florijan, mwisho wa ukumbi, wakakipita.

"Dada," aliita, "umesahau kwangu."

"Sikusahau," alisema Mici, na hakugeuka.

Wakashuka kwenda kwa ng'ombe. Florijan alibaki ukumbini, mkono kwenye kitasa cha chumba alicholala tangu utotoni, siku zile yeye na Lovro walipolala kitanda kimoja. Ndani, kitanda kililia polepole, kama mtu mrefu anayesogea ukutani kumpisha mdogo wake alale.