Muhuri wa Uzodinma

Soko la Ariaria mjini Aba, Nigeria, lilikuwa limefurika. Akuoma, mwenye duka la viatu Lagos, alisukumwa huku, akakanyagwa kule, mara kisigino cha kiatu kikang'oka. Akachechemea hadi kibanda cha karibu, gauni lake la manjano amelishika mkononi.

"Fundi, taratibu. Hivi vimetoka Italia."

Fundi, kijana mrefu mwenye gundi vidoleni, alikigeuza kiatu akaangua kicheko. "Dada, vimetoka kwenye benchi hili. Mshono huu wangu. Hata huo muhuri wa Italia nimeupiga mimi."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Mwongo ana jina. Naitwa Uzodinma."

Akuoma alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Ukweli ni kwamba alikuwa amevivaa miaka miwili bila hata uzi kufumuka.

Wakapeana namba, na kwa miezi minne simu hazikupoa.

"Nkem, wangu wa peke yangu, umekula?" Uzodinma aliuliza kila jioni.

"Nitakulaje na sauti yako sijaisikia?"

Akuoma alipendwa, akapendeka. Alipopanga kufungua duka la pili, aliagiza jozi sitini kwa Uzodinma, zipigwe muhuri wa jina la fundi mwenyewe.

Mzigo ulipofika, aligeuza soli ya kwanza. Italia. Ya pili, Italia. Zote!

"Nilikuomba nini?" alifoka kwenye simu.

"Mpenzi, nani huko atanunua kiatu cha Aba? Nilitaka uuze."

"Nimeshawatangazia wateja kwamba mshonaji ni mwanamume wangu. Sasa niwaambie umekuwa Mwitaliano? Jina lako unalionea haya, mimi utanitambulisha vipi?"

Akakata simu, akarudisha mzigo wote. Alilia, lakini hakupokea simu zake tena.

Wiki ya nne, asubuhi, Uzodinma akaingia dukani Lagos, shati limenyooshwa, gunia begani.

"Nimebadilisha soli za jozi zote sitini. Soko zima limenicheka."

Mteja mmoja akachungulia gunia. "Aba? Vitadumu kweli?"

Akuoma akanyanyua mguu wake. "Hivi vina miaka miwili, mama. Fundi mwenyewe huyu hapa."

Yule mama akajaribu, akatembea, akarudi. Akachukua jozi mbili.

Walipobaki wawili, Akuoma alipitisha kidole kwenye muhuri: Uzodinma, Aba. Moyo ulimjaa furaha.

"Mbona umeacha nafasi hapa katikati?"

"Ya jina la mke wangu. Akinikubali."

Akuoma akachukua mkoba wake.

"Huyo mchonga mihuri wako," akasema, "anafunga saa ngapi?"