Simu ya Mbao Kabatini

Simu iliyokutwa ndani ya kabati la kioo asubuhi ile ilikuwa ya mbao.

Ilichongwa kwa ustadi hata mlinzi akapita mbele yake bila kushtuka. Umbo ndilo, rangi ndiyo. Lakini ile halisi, sampuli pekee ya aina yake katika kampuni nzima, ilikuwa imeyeyuka kama chumvi majini.

Inspekta, ambaye askari wake walimbandika jina la Rula kwa kuwa hakuwahi kupinda, aliigeuza kwa mikono iliyovaa glavu.

"Kufuli halikuvunjwa. Funguo wanazo akina nani?"

"Wasanifu wote wa idara," alijibu mkuu wa idara, mwanamume mwenye haraka ya mtu anayesubiriwa mahali pengine. "Nawashuku washindani wetu, afande."

"Sampuli ilikuwa na nini cha ajabu?"

"Kishimo ubavuni. Ukikibonyeza, simu inampigia mtu mmoja uliyemchagua, bila hata kutazama kioo. Lakini kinaharibu sura, tumekiondoa. Sampuli ilikuwa ipelekwe kusagwa leo."

"Mshindani aibe kitu mnachokitupa?"

Mkuu alitazama saa yake.

Koplo wa maabara alimaliza kuipaka simu ya mbao unga wa kunasia alama za vidole.

"Afande, imepanguswa yote isipokuwa ndani ya kishimo, kitambaa hakikufika. Humo kuna gumba moja tu, la kushoto, limerudiwarudiwa. Nimelinganisha na alama wanazofungulia milango hapa. Si la mfanyakazi yeyote."

Rula aliinamia kishimo kile. Vanishi ilikuwa imelika, mbao imeng'aa kama kipini cha jembe kongwe.

"Hivi vya mbao mnavichongea nini?"

"Kabla ya kuunda kifaa tunachonga umbo lake," alisema mkuu, "watu walishike, tuone vidole vinaangukia wapi."

"Basi hiki hakikuchongwa kumdanganya mlinzi. Kimemfundisha mtu, na mtu huyo amejifunza sana. Nani alibuni kishimo?"

Aliletwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye kucha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Keti. Kazi hii ni yako?"

"Wasanifu tuko wengi, mzee."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Gumba hili ni la nani?"

Mwanamke alizificha kucha zake viganjani.

"Kipande chochote cha mbao kingekutosha. Kwa nini ukaweka hiki kilichotumika?"

Mwanamke alifumba macho kidogo.

"Nilichonga kingine haraka haraka. Kilikuwa kibaya. Sikuweza kukiacha kabatini, watu wakione, waseme nimelipua kazi."

Koplo aliacha kuandika. Rula aliwahi kuwaona wezi wakiponzwa na tamaa, na pombe, na midomo yao. Aliyeponzwa na heshima ya kazi yake hakuwahi kumwona.

Hapo simu ya msanifu ikalia mfukoni. Aliitoa, akaitazama, akataka kuirudisha. Juu ya kioo palisomeka neno moja: Baba.

"Pokea," aliamuru Rula. "Sote tusikie."

"Mama," ilikuja sauti ya mzee, ikimwita binti yake kwa upendo. "Ni mimi. Nimebonyeza mwenyewe."

"Umeanguka, baba?"

"Ningeanguka ningecheka hivi? Nilikuwa najaribu tu. Ile ya mbao ilikuwa bubu, mwanangu. Hii ina ulimi!"

Mzee akacheka peke yake, chumba kizima kikimsikiliza.

"Nitakupigia, baba. Ninaongea na wakubwa."

"Wasalimu sana."

Aliiweka simu mezani, machozi yakimlengalenga, lakini sauti yake haikuyumba.

"Mimi ndiye niliyeiba. Baba haoni, na kiharusi kilimpooza mkono wa kulia. Aliteleza bafuni nikiwa kazini, akalala juu ya saruji baridi hadi niliporudi. Simu alikuwa nayo mkononi, laini kama yai, asijue pa kubonyeza. Ndipo nikabuni kishimo. Nikamfundisha kwa mbao mpaka gumba likajua njia. Mkutano ukakikataa. Niliomba mnipe sampuli, mkasema ni mali ya kampuni, itasagwa."

"Hukutuambia kuhusu baba yako," alisema mkuu kwa sauti ya chini.

"Niliwaambia ni kwa ajili ya watu wasioona. Mkasema ni wachache."

Rula alivua glavu taratibu.

"Wizi ni wizi, mwanangu. Huruma haiubadilishi jina. Maelezo yako nitayaandika kama ulivyoyasema, pamoja na bafu na saruji. Sampuli ni kielelezo. Tutaifuata wote, nawe utamweleza mzee kwa kinywa chako. Hatabaki peke yake, koplo ataketi naye." Kisha akamgeukia mkuu. "Mlalamikaji ni wewe. Ukitaka ashtakiwe, weka sahihi hapa."

Mkuu hakuigusa kalamu.

"Afande, nikiiondoa kesi, nitawaambia nini walio juu yangu?"

"Ukweli. Nami ndio nitakaouandika."

Mkuu aliivuta simu ya mbao iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki wa vielelezo. Akafumba macho. Gumba lake la kushoto lilitambaa ubavuni juu ya plastiki kidogo tu, likaingia kishimoni na kutulia.

Kalamu ilibaki pale ilipokuwa.