Daftari la Getini

Ukumbi wa abiria wanaowasili ulikuwa umefurika: mabegi yanaburutwa, watoto wanalia, vibao viko juu. Vibao viwili vilikuwa na jina moja, la mwalimu mstaafu aliyekuja kutazama chui. Kimoja alikishika mwongoza watalii aliyeitwa Darubini kwa ukali wa macho yake, shati la kaki limenyooka, beji kifuani. Cha pili alikishika mwanamke mwenye blauzi ya kijani, rangi aliyoipenda Darubini enzi zile. Wakageuka, wakaonana.

“Wewe! Unafanya nini hapa?”

“Nampokea mgeni wangu.”

“Wako tangu lini? Safari nimeipanga mimi!”

Mwanamke akapiga simu. “Bosi, hilo gari tulilokodi, dereva wake ndiye huyu? Siku tatu? … Hapana, sina tatizo.”

Tatizo alikuwa nalo, tena lilikuwa limesimama mbele yake likijifanya kusoma tangazo ukutani.

Mwaka mmoja nyuma hawa walikuwa wachumba. Mwanamke alipanga safari ofisini, Darubini aliongoza porini, na kila jioni simu ililia. “Umeniletea nini leo, mpenzi?” Darubini akamtumia picha. Siku moja ilikuwa ya chui jike na watoto wawili wachanga katika pango la mwamba mmoja. Sasa, waongozaji wana mwiko wao: pango lenye watoto wachanga halitajwi kwa mtu. Kesho yake magari kumi na saba yakauzingira mwamba ule. Mama akahama kwa hofu, mtoto mmoja akafa.

Darubini akaingia ofisini akifoka mbele ya wote. “Nilikuonyesha wewe peke yako! Umewatangazia!” Hakumpa hata nafasi ya kufungua mdomo. Dada wa watu akavua pete, akaiweka mezani, akaacha kazi, akahamia kampuni nyingine. Mwanamume mzima anafoka hivyo bila kuuliza! Mimi ningemzaba kofi.

Basi safari ikaanza, mwanamke kiti cha nyuma, Mwalimu katikati, kiti cha mbele kimekaliwa na koti.

“Mwalimu, mwambie dereva apunguze mwendo.”

“Mwalimu, mwambie dada hapa si ofisini.”

“Wanangu,” alisema Mwalimu, “nimefundisha darasa la pili miaka thelathini. Naona halijaisha.”

Getini waliteremka kujiandikisha. Pale kuna daftari ambalo kila mwongozaji hujaza akitoka mbugani: mnyama gani, wapi, saa ngapi. Jina haliandikwi. Mwalimu akaomba la mwaka jana, aone chui walionekana wapi miezi kama hii. Akafunua, akasoma kwa sauti ya darasani.

“Chui, watoto wawili, mwamba mrefu wa kusini, saa kumi na moja jioni. Lo! Mwandiko umelala kushoto, ningemkata maksi.”

Darubini alisogea. Mwandiko ulikuwa wa mkono wake wa kushoto, ule anaoandikia. Alikumbuka jioni ile: furaha imemjaa, simu sikioni, anacheka na mpenzi wake huku mkono ukijaza daftari kwa mazoea, kama ulivyojaza kila siku kwa miaka minane. Madereva waliosoma na kukimbilia kule walinyamaza, kwani tayari kulikuwa na wa kulaumiwa.

Akamgeukia mwanamke. “Ulijua?”

“Wiki ileile. Nilikuja hapa nikaufunua ukurasa mwenyewe.”

“Mbona hukusema?”

“Wangekunyang’anya beji. Na nilitaka uje mwenyewe kuniuliza. Nikakungoja, Darubini! Mwaka mzima! Unajua walivyoniita mjini? Muuza chui!” Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira. “Nakuchukia.”

“Una haki.”

“Usiniambie nina haki! Haki yangu uliipeleka wapi?”

Darubini alikwenda kwenye gari, akashika redio ya upepo ambayo waongozaji wote wa mbuga husikiliza.

“Magari yote, magari yote. Darubini hapa. Pango la mwamba wa kusini, mwaka jana, niliyeliandika getini ni mimi. Si yule dada. Nilimsingizia mbele yenu, na mbele yenu nasema nilikosa.”

Kisha ikasikika sauti ya mkuu wa waongozaji. “Maliza safari ya mgeni. Jumatatu njoo na beji yako.”

“Nimesikia.”

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni mwa gari. “Mjinga wewe. Hiyo kazi ndiyo maisha yako.”

“Na wewe je?”

Mwalimu alijitia kutafuta miwani iliyokuwa puani pake.

Mwanamke alifungua mlango wa mbele, akaliinua lile koti, akalitupa nyuma, akaketi.

“Usidhani nimekusamehe.”

“Sidhani.”

“Na pete yangu iko wapi?”

Darubini akapapasa mfuko wa shati, chini ya beji, akaitoa.

“Irudishe humo,” alisema mwanamke. “Utanipa Jumatatu, ukishatoka kwa mkuu wako. Nitakuwa nje nakungoja. Sasa washa gari, Mwalimu anataka chui.”