Vidonge vya Kijani vya Cucu

Kila asubuhi kabla ya shule, Nyawira alimpelekea nyanya yake uji. Nyumbani kwao Endarasha walimwita Cucu. Nyawira alikuwa binti wa kwanza, kwa hiyo, kama ilivyo desturi, alipewa jina halisi la Cucu: Nyawira.

"Wewe ni mtoto wa nani?" Cucu aliuliza akipokea kikombe.

"Ni mimi, Nyawira!"

"Nyawira ni mimi," Cucu akajibu kwa ukali.

Nyawira alitaka kulia. Miezi miwili sasa Cucu alikuwa akimeza vidonge vya kijani vya kuongeza kumbukumbu, na bado kusahau kulizidi. Muuzaji alikuwa amesimama kanisani na kutoa ushuhuda kwamba vilimponya mama yake. Baba akanunua chupa tatu palepale.

"Baba, havisaidii," Nyawira alimwambia zizini.

"Ati havisaidii? Umekuwa daktari lini? Ni majani tu, hayamdhuru mtu. Wacha nikamue!"

Nyawira alirudi ndani, hasira zikimchoma. Alipofungua kabati kurudisha chupa ya vidonge, aliona dawa za presha za Cucu. Pakiti ya mwezi uliopita haikuwa imefunguliwa.

"Cucu, mbona humezi hizi?"

"Yule wa kanisani alisema hivi vya kijani vinatosha."

Nyawira alikimbia tena zizini na kumwonyesha Baba pakiti. Baba aliitazama, akaweka ndoo chini. Siku hiyo walimpeleka Cucu zahanati.

Presha ilikuwa juu sana. Muuguzi Watiri aliwakazia macho. "Presha isipotibiwa huumiza ubongo. Kwa nini hamkumleta alipoanza kusahau?"

Baba aliinamisha kichwa.

Cucu alirudia dawa zake, Nyawira akihakikisha amemeza. Bado alisahau mambo mengi, na Watiri aliwaambia huenda mengine yasirudi. Lakini wiki ya nne, Cucu alionja uji, akakunja uso.

"Nyawira, leo umesahau sukari. Na mnasema ni mimi ninayesahau!"

Nyawira alicheka hadi machozi yakamtoka.

Jumapili iliyofuata, Baba aliomba nafasi ya ushuhuda.

"Nilimnunulia mama yangu vidonge kwa kuamini maneno ya mtu nisiyemjua," alisema. "Binti yangu alinionya, nikamfokea. Mzee wako akianza kusahau, mpeleke apimwe kwanza. Beba kila anachomeza, hata kama ni majani, daktari akione. Na mtoto akikwambia kitu hakisaidii, msikilize."